UZI: Kikundi cha mtaa kuweka komedi nyepesi jukwaani, bila mfadhili na bila hotuba ya mwisho

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila tukibandika tangazo la mchezo wetu hapa Ngamiani, Tanga, watu wazima wanauliza swali lile lile: "Huu ni wa malaria au wa maji safi?" Ukiwajibu kwamba ni komedi, kisa cha mkata mkonge anayechapwa fimbo mpaka anakiri kuwa yeye ni daktari, wanasubiri uendelee. Usipoendelea wanauliza, "Sawa, lakini mnafundisha nini?"

Msimamo wangu ni huu, na ndio ulionifanya nifungue uzi: kikundi cha mtaa kina haki kamili ya kuweka jukwaani kichekesho ambacho kazi yake ni kuchekesha, kikafanywa kwa ufundi wote, na watu wakalipa kiingilio kukitazama. Tumezoeshwa vingine. Tangu miaka ya 1980 jukwaa la vijijini na mitaani limebebwa na miradi. Mwanzo wake ulikuwa wa heshima. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda mpaka vijijini, Malya kule mkoa wa Mwanza pakiwa pamoja na hapo, wakakaa na wenyeji na kutengeneza michezo kutokana na shida za pale pale. Kazi ile naiheshimu sana. Kilichokuja baadaye ndicho kinachoniuma: vikundi vinatunga kwa kufuata bajeti ya mradi, ukimwi mwaka huu, vyandarua mwaka ujao, na kabla watu hawajainuka mmoja anasimama mbele na kuwahutubia kilichokwisha onekana kwa macho.

Na Pwani hii vichekesho vilikuwepo kabla ya miradi. Kwenye taarab, wapigaji wakipumzika, walitoka watu wawili watatu wakacheza kisa kifupi, ukumbi ukacheka, muziki ukarudi. Ebrahim Hussein aliichukua namna hiyo akaijengea mchezo wake wa *Alikiona*. Kwa hiyo sisi hatuleti kitu kigeni. Tunarudisha kilichokuwa chetu.

Tulichochagua ni kisa cha Molière, Mfaransa, kilichochezwa mara ya kwanza Paris tarehe 6 Agosti 1666, yeye mwenyewe akiwa mhusika mkuu. Wazee waliosoma zamani watakijua kwa jina la *Tabibu Asiyependa Utabibu*, tafsiri ya Alexander Morrison ya enzi ya ukoloni. Kwa ambao hamkijui: mkata kuni mlevi anagombana na mkewe na kumpiga. Mke anaapa kulipiza. Wanatokea watumishi wawili wa tajiri mmoja, wanatafuta tabibu kwa sababu binti wa bwana wao amepoteza sauti ghafla. Mke anawaambia, yuko bingwa kule msituni anakata kuni, ila ana wazimu wake: hakubali kuwa ni tabibu mpaka apigwe. Basi wanamwendea na fimbo. Zikimchosha anakubali, anavishwa joho, anapelekwa kwa tajiri, na kuanzia hapo ni uongo juu ya uongo. Binti naye si bubu. Anajifanya, kwa kuwa baba anataka kumwoza mtu asiyemtaka.

Nilimpigania Molière kwa sababu ya maisha yake pia. Alianzisha kikundi Paris mwaka 1643 akiwa na miaka 21. Kikafilisika. Mwaka 1645 aliwekwa ndani kwa madeni, likiwemo la mishumaa ya kuwashia ukumbi, na sisi tunaonunua mafuta ya jenereta tunajua maana yake. Wakahama Paris, wakazunguka mikoani miaka kama 13. Tarehe 24 Oktoba 1658 wakapata nafasi ya kucheza mbele ya mfalme Louis wa 14. Walianza na mchezo mzito, ukapokelewa kwa ubaridi. Molière akaomba ruhusa waongeze kichekesho kifupi walichokuwa wakikicheza huko mikoani. Kicheko cha mfalme kwenye kile kichekesho ndicho kilichowapa ukumbi wa kuchezea Paris. Mtu akiniambia komedi nyepesi ni kitu cha kupotezea muda, namsimulia usiku ule.

Tumekitohoa. Mkata kuni amekuwa mkata mkonge, na mtu wa Tanga haelezwi mkonge ni nini. Katika Molière jamaa aliwahi kumtumikia tabibu mmoja miaka sita, ndiyo maana ana maneno mawili matatu ya kitabibu. Wetu alikuwa akipiga deki zahanati. Kule bubu anaandikiwa mkate uliochovywa kwenye mvinyo, kwa hoja kwamba kasuku hulishwa hivyo na wanasema. Kasuku tumemwacha. Mvinyo tumeuondoa, tukaweka supu ya pweza, na baba wa binti akisikia dawa hiyo anakaa chini polepole bila kutamka neno. Hapo watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa.

Sehemu moja hatukuigusa. Tabibu wa uongo akieleza ugonjwa anaweka moyo kulia na ini kushoto. Tajiri anauliza kwa adabu, mbona alidhani moyo uko kushoto? Anajibiwa kwamba hiyo ilikuwa zamani, wataalamu wameshayabadilisha yote. Mchezo una zaidi ya miaka 350, na pale mtaa wa Makorora, hapa hapa Tanga, walicheka mpaka mwigizaji akalazimika kuzunguka kitanda cha mgonjwa akisubiri.

Nije kwenye kusubiri huko, maana ndiko kwenye ufundi.

Kwenye mchezo wa huzuni ukichelewa kujibu, watu wanadhani unawaza. Kwenye kichekesho ukichelewa kidogo tu, hakuna anayecheka. Ukiwahi vilevile, umezika maneno ya mwenzako chini ya kicheko na nusu ya ukumbi haikusikia. Tunachofundishana ni hiki: kicheko kikipanda, nyamaza lakini usigande, endelea na jambo la mkono, kunja shati, tafuta kiatu. Kikifika juu, bado subiri. Kikianza kushuka, kabla hakijaisha, ingia. Ni sawasawa na mpiga msondo anayesikiliza chapuo kabla ya kuingiza mkono wake. Hakuna anayehesabu kwa kidole, ila kila mtu anajua alipokosea. Jambo hili halisomwi kwenye andiko. Linajifunzwa mbele ya watu, na kwa hiyo mazoezi ya mwisho tunayafanya uani kwa mtu, mbele ya majirani na watoto, maana tukicheza wenyewe kwa wenyewe tunazoea ukimya ambao siku ya mchezo haupo.

La pili, mwigizaji asicheke. Mkata mkonge anaumia kweli. Kwake yeye hiyo si komedi, ni siku mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Kijana wetu alianza kwa kubinua midomo na kukodoa macho, mazoea ya video fupi za simu. Tulimwomba acheze akiwa na hofu ya kweli ya fimbo, na anung'unike juu ya ujira wa siku unaompita. Mara hiyo hiyo akawa anachekesha.

La tatu ni fimbo zenyewe. Onyesho la kupigwa tunalifanyia mazoezi kuliko onyesho jingine lolote, pigo kwa pigo, nani anainua, nani anageuka, mguu upi unatangulia. Fimbo ni sponji la godoro lililoshonewa kitambaa cha kahawia. Mlio unatoka pembeni, kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa upande mmoja, zikigongana zinalia kofi kubwa. Waigizaji wa Kiitaliano walikuwa na kifaa cha namna hiyo karne nyingi zilizopita, na kikundi cha Molière kiliwahi kutumia ukumbi mmoja na Waitaliano hao, kwa zamu. Mtu wa mbao lazima amwone mpigaji. Akikaa asikoona, mlio unakuja baada ya fimbo, na hapo watu wanacheka kwa sababu isiyo yetu.

Nimeandika sana. Karibuni tuchangie, hasa waliowahi kushika jukwaa.

Mzee wa Vibanda

Mleta uzi umenirudisha mbali. Mimi nimeishi Dar ya miaka ya 1980 na 1990, tukienda kuvitazama vikundi vya sanaa, Muungano na baadaye TOT (Tanzania One Theatre). Jioni moja unapata ngoma, sarakasi, taarab na maigizo ndani yake, kwenye kumbi za baa, watu wanakula na kunywa, watoto wamekaa mbele chini. Maigizo yale yalituvunja mbavu. Na hakuna aliyekuwa na andiko mkononi, mkuu. Wanapewa kisa, wanajua nani anaingia lini na kinaishaje, maneno wanayapata humo humo. Ndiyo maana kila Jumapili yalikuwa mapya. Nikusihi usiwakaririshe vijana. Ukimkaririsha mtu komedi, anaongea kama anasoma risala.

Mvita Kongwe

Hongera sana kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna jumba la Little Theatre Club, na nimeona vichekesho vingi pale, vingi vya Kiingereza. Lililonifurahisha kwako ni kuwa mwacheza Kiswahili mbele ya watu wa mtaa.

Nataka kuongeza jambo moja la watazamaji wetu wa Pwani: hawanyamazi. Mama atamwambia mhusika, "Usimwamini huyo, mwanangu, mwongo!" Sasa je, mwigizaji amjibu? Mimi nimeona michezo ikipotea hivyo. Mwigizaji alijibu mara moja, akapata kicheko, akanogewa, akawa anazungumza na safu ya mbele na wenzake wamesimama nyuma hawajui la kufanya. Mwafanyaje?

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Mzee wa Vibanda, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Wale walikuwa wanacheza kila wiki, mwaka hata mwaka, wanajuana pumzi. Sisi ni fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, vijana wa bodaboda, dada wa saluni. Tunakutana Jumapili mchana na jioni mbili tatu. Wakiachiwa maneno kabisa, kila mmoja anataka kumaliza yeye, onyesho la dakika tano linakuwa robo saa na kisa kinapotea. Tumeweka hivi: maneno yanayoendesha kisa hayabadiliki hata moja. Hoja ya moyo na ini haibadiliki. Neno la mwisho kabla mwenzako hajaingia halibadiliki, maana ndilo analolisubiri kule nyuma. Katikati ya hapo, kwenye ugomvi wa mume na mke kwa mfano, wana uhuru.

Mvita Kongwe, kwetu kanuni ni kwamba mhusika anaweza kujibu lakini mwigizaji hawezi. Mama akisema "mwongo huyo", mkata mkonge anaruhusiwa kugeuka kwa hofu na kumwomba kwa macho asimtoboe siri, kisha anarudi kazini. Akijibu kwa maneno, lazima yawe maneno ambayo mkata mkonge yule angesema, na yasizidi sentensi moja. Safu ya mbele wanapenda zaidi kuombwa kwa macho, nimeliona hilo mwenyewe.

Kamalondo

Bandugu, jambo sana. Mi naandika toka Lubumbashi, Kiswahili chetu munakijua, muvumilie.

Huku tuko na kundi la Mufwankolo, wazazi wetu waliwasikia kwa redio na kuwaona kwa televizyo, vichekesho kwa Kiswahili cha hapa, vya nyumba, vya bwana na bibi, vya kazi ya mgodi. Mtaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya kazi yao ya mwaka 1986. Mule anaonyesha namna walitengeneza mchezo: walianza na msemo mmoja tu juu ya mamlaka. Walikaa, wakabishana maana yake, wakagawanya kisa kwa sehemu, kila mtu akajua mahali pake, wakacheza. Hapana karatasi ya maneno. Lakini, na hii ndiyo nataka kusema kwa Mzee wa Vibanda, walibishana saa nyingi mbele ya kucheza. Kutunga papo hapo si kukosa maandalizi. Ile mabishano ndiyo ilikuwa andiko yao.

Shangazi Mtu

Nimesoma yote na nimefurahi, lakini nina donge. Mleta uzi umesema mchezo unaanza kwa mume mlevi kumpiga mkewe. Unataka ukumbi ucheke hapo? Kwenye mtaa ambao usiku tunasikia mambo hayo hayo kwa jirani na hakuna anayecheka? Umepinga michezo ya kufundisha, sawa. Lakini kicheko nacho kinafundisha. Watoto wako kwenye mkeka mbele wanaona baba anapiga, mama analia, watu wazima wanashangilia.

Mradi Mkongwe

Shangazi amegusa penyewe. Na mimi niseme langu. Nimecheza kwenye vikundi vya miradi karibu utu uzima wangu wote. Tulilipwa posho, tulifundishwa sauti, tulifundishwa kusimama. Vijiji ambavyo hakuna aliyewahi kuvipelekea mchezo wa aina yoyote, sisi tulifika. Na Mswahili tangu zamani hadithi yake ina funzo. Bibi anamaliza na kukwambia. Mleta uzi asituone sisi kuwa ndio tuliharibu. Mchezo wa daktari wa uongo ungeweza kabisa kuwaambia watu waache dawa za mitaani wakapime hospitali. Kwa nini uiache nafasi hiyo?

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Shangazi, asante, na silichukulii kwa wepesi. Kikundi kilibishana juu ya onyesho hilo kuliko jambo jingine lolote, na akina dada ndio waliolisimamia. Katika Molière ni kweli anampiga mkewe, na mchezo mzima unaobaki ni kisasi cha yule mke: kila fimbo inayomshukia mume baadaye, yeye ndiye aliyeituma. Ila kwa mtazamaji aliyeketi chini pale mwanzoni, bado hajui hilo. Kwa hiyo sisi ugomvi tumeufanya wa maneno. Mume anainua fimbo, mke anaishika ncha ya pili, wanavutana, na hapo anaingia jirani kuwaamulia. Wote wawili wanamgeukia jirani: kwani umeitwa? Hilo la jirani limo kwenye kisa cha asili, mke mwenyewe ndiye anayeanza kumfukuza. Fimbo ya kwanza inayolia usiku ule inampata jirani.

Ndugu Mradi Mkongwe, sikuwasema ninyi mlioko jukwaani, nimewasema waliokuja na karatasi ya kujaza. Na niseme kwa nini siongezi hotuba ya hospitali. Mtu ametazama saa nzima jinsi tajiri mwenye akili zake anavyokubali moyo uhamishwe upande kwa sababu aliyesema kavaa joho. Ameshaliona. Akienda nyumbani atalitumia anavyotaka, kwa daktari, kwa fundi, kwa mgombea, kwa mchumba wa binti yake. Nikisimama kumwambia "kwa hiyo ndugu zangu tupime hospitali", nimemnyang'anya yote hayo nimemwachia moja. Sidhani bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo kila usiku. Hadithi nyingi za Abunuwasi nilizosimuliwa ziliisha kwa kicheko na tukaambiwa tukalale.

Mkewe Mkata Mkonge

Mimi ndiye ninayecheza huyo mke, acha niseme mwenyewe. Shangazi, nilikataa nafasi hiyo mwanzoni kwa sababu uliyoitaja. Nilirudi baada ya kuisoma yote. Ni mwanamke asiye na fedha wala ndugu wa kumsemea, na kwa akili yake peke yake anamtoa mume shambani, anamfanya daktari, anamfikisha mpaka karibu na kifungo, na mwishoni bado amesimama pale anasubiri aone itaishaje. Sijawahi kupewa mhusika wa namna hiyo. Kwenye michezo mingine nimekuwa mama mgonjwa, mama mjamzito na mama anayeshauriwa na mhudumu wa afya. Hapa ninapanga mimi.

Na tuseme lingine. Kwetu mwanamke kutoka jioni kwenda mazoezini ni kesi nyumbani. Tulipohamishia mazoezi Jumapili mchana, uani kwa mama mmoja mtu mzima, na yeye anakuwepo muda wote, akina dada waliongezeka. Wanaoanzisha vikundi walifikirie hilo kabla ya kufikiria mapazia.

Shangazi Mtu

Umenijibu vizuri, mwanangu. Bado kile cha kuvutana fimbo sikipendi, lakini nitakuja kutazama kabla sijasema zaidi.

Niko Ughaibuni

Naandika kutoka Uingereza. Mji mdogo ninaoishi una kikundi cha maigizo, hakuna anayelipwa: walimu wastaafu, muuza duka, mhandisi, mimi. Wakati wa Krismasi kuna mchezo wa watoto na wazazi wenye vichekesho vya kupiga kelele, na katikati ya mwaka komedi nyepesi. Nyingine ni za zamani kuliko wanaozicheza. Sijasikia mtu akiuliza zinafundisha nini. Watu wanakuja kumwona mwenye duka amevaa gauni.

Mawili ya kusaidia. Kwanza, tuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukaa pembeni na andiko, akifuata mstari kwa mstari. Mwigizaji akikwama anamtupia neno la kwanza tu, si sentensi. Haigizi, na tunamheshimu kuliko mwigizaji mkuu. Pili, chai na keki za mapumziko huingiza fedha nzuri kulinganisha na tiketi. Na kama mchezo bado una hakimiliki, huku tunalipia kibali kwa kila usiku tunaoucheza. Ninyi mmefanyaje upande huo?

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Swali zuri. Molière alifariki Februari 1673, kisa chake ni cha wote. Lakini tafsiri ni kazi nyingine yenye haki zake, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hatukuchukua maneno ya Morrison. Mwalimu wetu mmoja anasoma Kifaransa. Alitueleza kisa onyesho kwa onyesho, tukaandika maneno yetu wenyewe. Ilikuwa kazi ndefu na nawashauri wengine waifanye, maana maneno yaliyotoka kinywani mwa fundi cherehani wa Ngamiani yanakaa kinywani mwake bila kulazimishwa.

Vibali: watu wengi hawajui kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inagusa jukwaa pia, si sinema tu. Usajili wa kikundi ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ila mlango wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri yako. Mpelekee andiko mapema, akusomee, akuelekeze. Mjumbe wa mtaa naye ajue siku na saa. Na muda wetu ni baada ya swala ya Isha, ili adhana isiingie katikati ya onyesho na watu wasije nusu nusu.

Ya chai nimeipenda. Sisi ni kahawa na kashata, mama wa uani ndiye msimamizi, na fedha yake ndiyo inayonunua mafuta ya jenereta. Kiingilio tunakiweka kidogo lakini hatukiondoi. Mara chache tulizocheza bure, watu waliingia na kutoka, wakapokea simu. Aliyetoa hata noti moja anakaa.

Mzee wa Vibanda

Nimekubali hoja ya neno la mwisho kutobadilika. Hata kina Muungano nikikumbuka vizuri, lile la kumwingiza mwenzio lilikuwa lile lile kila wiki. Swali: mwisho mmeufanyaje? Maana kwa Molière jamaa anakaribia kunyongwa.

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Kwetu ni karandinga badala ya kitanzi. Tajiri amegundua binti katoroka na kijana wake, aliyekuwa kajifanya msaidizi wa daktari. Mke anafika, anaambiwa mumewe anasubiri kuchukuliwa, na yeye anasema atakaa pale pale amwone anapandishwa. Halafu kijana anarudi mwenyewe na binti, anaeleza kwamba mjomba wake amefariki na kumwachia mali, na tajiri anagundua ghafla kwamba kijana huyo ana tabia njema sana. Hilo ni la Molière, hatukuongeza kitu.

Kabla ya hapo kuna onyesho ninalolipenda kuliko yote. Binti anapata sauti. Anaanza kumwambia baba yake hataki, hataki, hataolewa na yule, na hanyamazi. Baba anamwomba daktari amrudishie ububu. Daktari anasema hilo haliko ndani ya uwezo wake, ila akipenda anaweza kumfanya yeye baba kuwa kiziwi. Binti wetu ana miaka 19, ni mara yake ya kwanza jukwaani. Tulimwambia asipumzike mahali popote, avute pumzi kabla ya neno la kwanza na aende nayo mpaka iishe. Usiku wa kwanza akina mama walisimama. Hawakucheka kwanza, walipiga vigelegele, kisha kicheko kikafuata, na baba yake wa jukwaani ikabidi asubiri muda mrefu kuliko tuliowahi kuufanyia mazoezi. Alisubiri. Alitafuta kiatu.

Wa Kigoma

Nimefuatilia kimya kimya. Nina vijana kama wanane wanataka, hatuna ukumbi, hatuna fedha, taa ni mwezi. Tuanzie wapi?

Mwana-Ngamiani (mleta uzi)

Mkuu, usianze na ukumbi. Chagua kisa chenye watu wachache. Hiki chetu kina wahusika 11, kwa wanane utalazimika kuwapa wengine nafasi mbili, inawezekana kwa wale wanaotokea mara moja kama jirani na wale wanakijiji wawili wanaokuja kutafuta dawa. Kaeni mduara msome kwa sauti mkiwa mmekaa, wiki nzima ikibidi, mpaka kila mtu ajue kwa nini anasema anachosema. Atakayeongoza asiigize. Chezeni saa kumi jioni, taa hamtaihitaji. Ukutani kwa shule pawe nyuma yenu, na jua liwe mgongoni mwa watazamaji, lisiwapige machoni. Sauti itarudishwa na ukuta. Na zile mbao za mlio mpe seremala sasa hivi, kwa sababu mtu wa kuzigonga anahitaji mazoezi sawa na mwigizaji. Ukikwama kwenye andiko nitumie ujumbe humu, tutalipitia pamoja.